Maswali ya Wasomaji: Mchumia Juani na Kivuli Chake

Barua tatu zilizotufikia kutoka Njombe, Mbeya na Mafinga zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinagusa jambo moja: fedha za hisani zinapotolewa kwa ajili ya jamii, yule anayeibeba kazi yenyewe, awe kiongozi wa asasi au msanii, anaishi kwa nini? Nimeziweka pamoja kwa sababu hiyo, na nimeondoa tu yale ambayo yangewafanya waandishi watambulike.

Shikamoo, Mama Mhariri. Mimi nina umri wa miaka 48 na ninaongoza asasi ndogo mkoani Njombe inayowahudumia watoto waliofiwa na wazazi pamoja na bibi wanaowalea. Tangu tulipoanza mwaka 2013 sijawahi kupumzika zaidi ya wiki moja. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilizokuwa zikiendesha mradi wetu mkubwa zilikatika, watumishi wanne kati ya saba wakaondoka, na kazi zao zikaniangukia mimi. Nilimwomba mfadhili mwingine anisaidie nipumzike miezi miwili na amlipe mtu wa kukaimu, nikajibiwa kwamba fedha ni za walengwa, si za viongozi. Je, nilikosea kuomba? Wapo wafadhili wanaowasaidia viongozi wenyewe?

*Mama wa Njombe*

Marahaba, mdogo wangu. Hukukosea.

Kabla hatujafika kwa wafadhili, tuanze na sheria, maana umeandika kana kwamba kupumzika ni fadhila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Wewe, pamoja na kuwa kiongozi, ni mwajiriwa wa asasi, na mwajiri wako ni bodi. Kwa hiyo barua ya kwanza unayopaswa kuiandika haiendi kwa mfadhili bali kwa mwenyekiti wa bodi yako, ukimweleza ni siku ngapi unazodai na ukiomba jambo hilo lijadiliwe katika kikao na liingie kwenye muhtasari. Muhtasari huo utakufaa baadaye, kwa sababu mfadhili anayekataa ombi la mtu mmoja huona vigumu zaidi kukataa uamuzi wa bodi uliotiwa saini.

Sasa tulitazame lile jibu kwamba fedha ni za walengwa. Katika maandiko mengi ya miradi bajeti hugawanywa mafungu mawili. La kwanza ni la shughuli, yaani semina, sare za shule, madaftari na mafuta ya pikipiki, na la pili ni la uendeshaji, yaani pango la ofisi, umeme, mhasibu na mshahara wa mkurugenzi. Fungu hilo la pili ndilo linalobanwa, na kwa miaka mingi wafadhili wengi wameliwekea asilimia 10 kuwa mpaka usiovukwa. Nia yao haikuwa mbaya, kwani walitaka fedha zimfikie mtoto. Lakini mtoto hafikiwi na fedha. Anafikiwa na mtu aliyeamka alfajiri, akapanda milima ya Makete kwenye baridi, akakaa na bibi yake hadi akajua kwa nini mjukuu haendi shule. Ukimwondoa mtu huyo, madaftari yanabaki stoo. Katika mkoa wako, ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 12.7 kwa watu wazima, cha juu kuliko mikoa yote nchini, watu wa namna hiyo hawapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili.

Baadhi ya wafadhili wakubwa wamelitambua kosa hili na kulisema hadharani. Mwaka 2015 taasisi ya Ford Foundation ya Marekani, ambayo ina ofisi yake ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ilipandisha kiwango cha uendeshaji katika ruzuku zake za miradi kutoka asilimia 10 hadi 20, na katika kipindi hicho hicho ikaanzisha mpango uitwao BUILD, uliotengewa dola bilioni 1, wa kuzipa asasi ruzuku ya miaka 5 ambayo sehemu yake kubwa haikufungwa kwenye shughuli fulani, ili asasi iimarishe uongozi, uhasibu na akiba yake. Kuanzia mwaka 2020 tajiri MacKenzie Scott naye amekuwa akizipa asasi mabilioni ya dola bila kuzipangia zitumieje. Ruzuku isiyofungwa maana yake ni kwamba mwenye fedha amekiri kuwa wewe uliyeko Njombe unaijua Njombe kuliko yeye.

Kuhusu mapumziko yenyewe, mfano ninaoupenda zaidi ni wa Durfee Foundation ya Los Angeles, ambayo tangu mwaka 1997 imekuwa ikiwalipia viongozi wa asasi za jiji hilo likizo ndefu. Kiongozi hulipwa mshahara wake na huondoka kabisa, bila kupigiwa simu na ofisi wala kusoma barua zake, huku aliye chini yake akikaimu. Tathmini za mipango ya namna hii zimeonyesha kwamba faida haikuishia kwa yule aliyelala usingizi wa kutosha: waliokaimu walikomaa, bodi zikajifunza kusimamia, na asasi ikagundua kwamba inaweza kusimama bila mtu mmoja kuishikilia kwa meno. Simtaji Durfee ili umwandikie kesho, kwa sababu anawahudumia watu wa mji wake peke yake. Nimemtaja ili upate ushahidi wa kuweka mezani.

Niruhusu nikueleze jambo la kwangu, kwa kuwa nilipita njia unayoipita. Nilipokuwa nikiongoza asasi moja mjini Iringa nililazwa hospitalini wiki mbili, na siku ya nne mfadhili wetu akaniandikia akitaka taarifa ya robo mwaka kabla ya Ijumaa. Niliiandika kitandani, dripu mkononi, nikaituma Alhamisi usiku, na kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo. Leo naliona kwa namna nyingine. Asasi ambayo taarifa yake haiwezi kuandikwa na mtu mwingine isipokuwa mgonjwa ilikuwa yenyewe mgonjwa, na hakuna aliyekuwa amenilipia hata mwezi mmoja wa kumfundisha mwenzangu. Shirika la Afya Duniani lilipoliingiza suala la kuchakaa kwa sababu ya kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya mwaka 2019, lililieleza kuwa ni tatizo linalotokana na kazi yenyewe. Nilifarijika kusoma hivyo baada ya miaka mingi ya kudhani kwamba sisi tulioshindwa tulikuwa wavivu.

Basi fanya hivi. Katika andiko lako linalofuata, usiifiche gharama yako ndani ya fungu la usafiri, kama wengi wetu tulivyozoea. Iandike waziwazi katika fungu la kuimarisha asasi, ukitaja mshahara wa kiongozi, posho ya anayekaimu, mafunzo yake ya miezi mitatu kabla hujaondoka, na siku utakayorudi. Foundation for Civil Society, ambayo imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia (AZAKI) hapa nchini tangu miaka ya mwanzo ya 2000, huzungumza na waombaji kuhusu uwezo wa asasi na si shughuli tu, kwa hiyo fuatilia miito yao. Halafu, kwa kuwa watumishi wamepungua, angalia usije ukapitwa na wajibu wa kisheria: taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 ambayo lazima iwasilishwe ndani ya siku 10, na uhai wa cheti, ambao tangu marekebisho ya mwaka 2019 ni miaka 10. Asasi nyingi zimepoteza ruzuku kwa karatasi kama hizo wakati kazi yao kijijini ilikuwa nzuri.

Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha sanaa za maonyesho cha vijana tisa hapa Uyole, Mbeya. Tunaigiza minadani na masokoni, na katikati ya igizo tunasimama na kumwita mtazamaji aje abadilishe mambo yanavyokwenda. Miradi hutuita, hutupa ujumbe ulioandikwa tayari, fulana na posho ya siku moja, kisha basi. Sisi tunataka kukaa miezi sita katika kijiji kimoja na kuwasikiliza wajane wanaonyang'anywa mashamba, ndipo tutunge. Kila tunayemwomba anauliza tutafikia watu wangapi. Afisa mmoja ametushauri tuchukue mkopo wa halmashauri. Je, huo nao ni ufadhili? Na msanii anaombaje fedha kwa jina lake?

*Kijana wa Uyole*

Mwanangu, nianze na mkopo kwa sababu hilo lina haraka. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao hutoa mikopo kwa wasanii. Hiyo ni mipango mizuri kwa mwenye studio, mwenye kushona mavazi ya ngoma au mwenye tamasha la kiingilio. Lakini mkopo hurejeshwa, na igizo la wajane kijijini halina kiingilio. Msikopee kazi hiyo.

Kazi mnayoieleza ina ukoo wake katika nchi hii, na nawaombeni muuandike ukoo huo katika andiko lenu ili mfadhili ajue kwamba hamkuibuni jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya mkoani Mwanza na kufanya kazi ya ukumbi wa michezo kwa maendeleo: walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao shida zao, wakatunga nao, wakacheza, kisha wakajadiliana nao hatua za kuchukua. Mwaka 1996 mbinu hiyo ilizaa Tuseme, mpango wa kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema kwa sanaa yale yanayowakwamisha masomoni, na baadaye ukachukuliwa na FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, na kupelekwa katika nchi nyingine za Afrika. Angalieni kilichotangulia katika kazi zote mbili: ni kusikiliza, na kusikiliza hula muda. Msanii wa namna hii akinyimwa muda amenyimwa malighafi, kama fundi wa samani aliyenyimwa mbao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wafadhili wengi kwa moyo wangu wote. Anayewaletea ujumbe uliokwisha kuandikwa, pamoja na mwisho wa igizo, ameajiri wapaza sauti; hakufadhili sanaa. Hakuna dhambi kupokea kazi hiyo, na posho yake ni halali, lakini msiiite jina lisilo lake, na msikubali ile ya kutaka mjane mwenyewe apandishwe jukwaani asimulie msiba wake mbele ya kamera kwa ajili ya taarifa ya mradi.

Kwingineko wapo wanaomlipa mtu kwa kuiamini njia yake. Mwaka 1993 huko Houston, Marekani, mchoraji Rick Lowe na wasanii wenzake walichukua nyumba 22 ndogo zilizochakaa katika mtaa wa watu weusi, wakazifanya mahali pa sanaa na makazi ya akina mama wanaolea watoto peke yao wakiwa masomoni. Kazi hiyo iliitwa Project Row Houses, na hata leo inatajwa kila inapozungumzwa sanaa inayoishi ndani ya jamii. Mwaka 2014 MacArthur Foundation ilimpa Lowe ruzuku yake ya miaka 5, ambayo wakati huo ilikuwa dola 625,000, bila masharti ya matumizi na bila taarifa. Mtu haombi ruzuku hiyo. Hupendekezwa, na ni kwa wakazi na raia wa Marekani. Inayowahusu ninyi ni Prince Claus Fund ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1996. Tuzo zake za Seed, zilizoanza mwaka 2021, ni euro 5,000 kwa msanii mmoja mmoja aliye katika miaka ya mwanzo ya kazi yake, na zinawatazama hasa wanaogusa masuala ya jamii. Anayeomba ni mtu, si kikundi, kwa hiyo mkae mkubaliane mapema nani aombe na fedha zikija zitakuwa za nani, maana vikundi vingi vimevunjika siku ya neema kuliko siku ya njaa. Kwa mafunzo na kukutana na wasanii wenzenu, itafuteni Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyopo tangu mwaka 2008.

Kuhusu usajili, kikundi cha sanaa husajiliwa na BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Wafadhili wa ruzuku kubwa, hata hivyo, hutaka pia chombo chenye katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zilizokaguliwa. Kama bado hamjafika huko, tafuteni asasi iliyosajiliwa ikubali kuwa mlezi wenu, ipokee fedha kwa niaba yenu na kuzitolea hesabu. Mkataba wa malezi uandikwe: asasi itabakiza asilimia ngapi, italipa ndani ya siku ngapi, na nani ana haki ya kazi ya sanaa itakayotungwa.

Na lile swali la mtafikia watu wangapi lijibuni kwa ukweli: kijiji kimoja. Kisha elezeni mtakachokihesabu badala ya vichwa vya watazamaji, kwa mfano ni wajane wangapi waliojua baada ya igizo kwamba kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lipo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni wangapi waliofika mbele yake, na nini kilitokea. Mfadhili mmoja kati ya kumi atawasikiliza. Huyo mmoja ndiye wa kumwandikia kwa uangalifu.

Salaam, Mhariri. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga, nina miaka 67. Kila Krismasi hupeleka mchele, mafuta na sabuni kwenye kituo cha yatima, na tunapiga picha. Mke wangu anasema fedha hizo zingefaa zaidi kama tungezitoa kwa namna nyingine, hata kwa vijana wa sanaa. Anaona nini ambacho mimi sikioni? Na je, mamlaka ya kodi inautambua mchango kama huo?

*Mzee wa Mbao*

Shikamoo, Baba. Mama anaona kwamba mchele huisha Januari.

Sisemi uache kupeleka chakula. Nasema kwamba wewe unayepanda mti wa msindano leo na kuuvuna baada ya miaka kumi na zaidi unaelewa kuliko wafadhili wengi maana ya kungoja, basi ipe hisani yako subira ile ile. Chagua asasi moja au kikundi kimoja, na uahidi kwa maandishi kiasi kidogo kwa miaka mitatu. Shilingi 300,000 kwa mwezi ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, na kwa asasi ya wilayani hiyo inaweza kuwa posho ya mhasibu wa muda au ya mtu wa kukaimu mama aliyechoka. Usizifunge kwenye kitu kinachopigika picha. Naliona hili hata katika mambo makubwa: Boma la zamani la Wajerumani pale Iringa lilifanywa makumbusho mwaka 2016 kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kazi ya Chuo Kikuu cha Iringa, nami hulitembelea kwa furaha kila nipatapo wageni, lakini jengo siku zote hupata mfadhili kwa urahisi kuliko mtu anayefanya kazi ndani yake.

Ukitaka kuona kinachotokea watu wakipewa muda, ingia Neema Crafts mjini Iringa. Ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa vijana watatu viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi, na leo ni karakana ya watu wengi wenye ulemavu, yenye duka na mgahawa ambako mteja huagiza chakula kwa kuandika au kwa lugha ya alama. Misaada iliianzisha; mauzo yanaisaidia kusimama. Kununua kazi ya msanii kwa bei yake, bila kuomba punguzo, nako ni kumsaidia.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kuondolewa katika mapato ya biashara kabla ya kodi, mradi hauzidi asilimia 2 ya mapato hayo. Kusajiliwa kama asasi pekee hakutoshi. Lazima TRA iwe imeitambua kuwa ya hisani. Mwombe mhasibu wako aione barua ya utambuzi huo kabla hujatoa, na udai stakabadhi.

Kisha, Baba, kabla hujaamua, nenda ukamwulize kiongozi wa asasi unayoifikiria ni gharama gani ambayo hakuna mfadhili anayekubali kuilipa. Anyamaze kidogo, umngoje. Mama wa Njombe ametuachia anuani yake, na kutoka kwako ni safari ya asubuhi moja kupitia Makambako. Ukituandikia kwamba uko tayari, nitamwomba ruhusa na kuwaunganisha.